Operesheni imeisha salama, sasa nani anahesabu maji?

Mtu kaingia hospitali Jumatatu kwa miguu yake mwenyewe, ngiri tu, Jumanne kapasuliwa, jioni kwenye grupu la familia meseji zinapishana operesheni imeenda salama tumshukuru Mungu, Jumatano alfajiri simu zinaanza kuita. Tukishakaa chini ya turubai maneno ni yale yale. Mmoja atasema daktari kasahau mkasi tumboni. Mwingine anaongea kwa sauti ya chini kwamba hapo kuna mkono wa mtu, si mnakumbuka alikuwa na ile kesi ya kiwanja. Halafu mzee mmoja anafunga mjadala, kazi ya Mungu haina makosa, basi tunaenda kuzika.

Mimi nina mtuhumiwa mwingine, na msibani huwa hatajwi kabisa kwa sababu alikuwa ananing'inia juu ya kitanda mbele ya macho ya kila mtu. Maji. Yale ya kwenye chupa. Sisemi kila anayekufa baada ya operesheni kauawa na dripu, hapana, kuna damu kuvuja ndani, kuna donge la damu kupanda kwenye mapafu, kuna usaha tumboni, kuna moyo uliokuwa mbovu tangu mwanzo na hakuna aliyeupima. Ila mapafu kujaa maji ni moja ya vitu ambavyo kwa kiasi kikubwa vinazuilika, vinaonekana vikija, vina dalili ambazo hata shangazi aliyelala chini ya kitanda kwenye mkeka anaweza kuziona, na bado vinatupita usiku.

Twende taratibu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa zaidi ya milioni 300, vimezungukwa na vimishipa vya damu, na ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba mno ndo maana oksijeni inapita bila shida. Sasa presha ndani ya vile vimishipa ikipanda, labda damu imejazwa maji kuliko uwezo wa moyo kuyasukuma, au ukuta wenyewe ukiharibika kwa maambukizi au kwa matapishi yaliyoteleza kwenye njia ya hewa mtu akiwa kwenye nusu kaputi, maji yanavuja upande wa hewa. Mtu anazama akiwa kitandani, pakavu. Wengi wanachanganya hili na yale maji yanayokaa nje ya pafu, kati ya pafu na mbavu, ambayo daktari anaweka mpira ubavuni yanatoka mnayaona kwenye chupa. Haya ya ndani huwezi kuyavuta kwa sindano. Unasimamisha dripu, unamkalisha mgonjwa, unampa oksijeni, kama maji yamezidi unampa dawa ya kukojoza, na akizidiwa anahitaji mashine ya kumsaidia kupumua, ambayo kwenye hospitali nyingi za wilaya utaambiwa ipo mkoani.

Kwa nini baada ya operesheni? Mwili ukishakatwa unajihami. Ubongo unamwaga homoni ya kubana mkojo, figo zinashikilia maji na chumvi kama vile mtu kajeruhiwa porini na hajui atakunywa lini tena. Kwa hiyo siku ya kwanza mgonjwa anakojoa kidogo hata kama maji mwilini yanatosha. Nesi anaangalia mfuko wa mkojo, anaona kidogo, anapiga simu, daktari yuko nyumbani anasema ongeza chupa. Mkojo bado kidogo, ongeza nyingine. Maji hayo hayapotei, yanajificha kwenye minofu, uso unavimba, pete haitoki kidoleni, ndugu wanasema amenawiri. Siku ya pili au ya tatu mwili unatulia na yale maji yanarudi kwenye damu, na kama moyo au figo zina hitilafu ndo hapo kifua kinaanza kubana.

Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Allen Arieff, alichapisha uchambuzi wa wagonjwa 13 waliokufa kwa mapafu kujaa maji baada ya upasuaji. Wengi wao walikuwa watu wenye afya zao. Alichokiona ni kwamba tatizo linaweza kutokea ndani ya saa 36 za kwanza pale ambapo maji yanayobaki mwilini yanazidi mililita 67 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita 4 zilizoingia zaidi ya zilizotoka. Unaweza kusema lita 4 ni nyingi nani atafanya hivyo, lakini jumlisha chupa za chumba cha upasuaji, chupa za wodini, antibayotiki zinazochanganywa kwenye maji, halafu toa mkojo ambao hakuna aliyeupima, utashangaa.

Na usifikiri ni mambo ya hospitali za kwetu zenye vitanda vya kutu. Andy Warhol, yule msanii wa makopo ya supu, alikuwa na hela zake, aliingia New York Hospital Februari 1987 kutolewa mfuko wa nyongo. Alikuwa anaogopa hospitali kuliko kitu chochote na sababu anayo, mwaka 1968 alipigwa risasi akanusurika kwenye meza ya upasuaji. Akapasuliwa tarehe 21, Jumamosi, mambo yakaenda vizuri, jioni yuko macho, na usiku ule alikuwa na nesi wake binafsi chumbani. Alfajiri ya tarehe 22 akakutwa hali mbaya, wakajaribu kumrudisha ikashindikana. Miaka 58. Chanzo rasmi kikaandikwa ni mapigo ya moyo kuvurugika. Familia ikafungua kesi, mawakili wao wakadai alipewa maji mengi kupita kiasi yakamzidi, hospitali ikakana, na mwaka 1991 wakamalizana nje ya mahakama kwa siri. Idara ya afya ya jimbo nayo ilikuwa imechunguza na kuikosoa hospitali kwa jinsi alivyohudumiwa.

Miaka 30 baadaye, 2017, daktari mstaafu wa upasuaji anaitwa John Ryan akafukua historia nzima akasema jamani hii haikuwa operesheni ndogo hata kidogo, ule mfuko wa nyongo ulikuwa umeshaoza, mtu alikuwa amedhoofika wiki kadhaa, hali chakula vizuri, na ana makovu ya risasi tumboni. Watu waliichukua hoja hii kama utetezi wa hospitali. Kwangu mimi inaongeza uzito upande ule ule, maana kama mgonjwa ni dhaifu kiasi hicho basi ndo alitakiwa aangaliwe kwa jicho la mwewe usiku kucha. Nani kasema ilikuwa mapafu, nani kasema moyo, hilo waachie mawakili. Ninachokiona mimi ni usiku mmoja, nesi mmoja, na mgonjwa ambaye kila mtu alishahesabu kwamba amepona.

Turudi nyumbani. Kwetu dripu ni heshima. Mgonjwa asipotundikiwa ndugu wanasema hajahudumiwa, wanaanza kuuliza kama kuna kitu kidogo inabidi watoe. Kuna watu wazima kabisa wanaomba dripu kwa sababu wamechoka na safari. Sasa angalia hesabu. Chupa ya nusu lita ya yale maji ya kawaida ya chumvi, asilimia 0.9, ina gramu 4.5 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Tundika chupa sita kwa siku, jambo ambalo wala halimshangazi mtu wodini, hizo ni gramu 27. Na huyo ni bibi mwenye presha ambaye nyumbani mnamnyima hata chumvi ya kachumbari! Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unasema mgonjwa mzima asiyekula, ambaye hapotezi maji kwa njia nyingine, anahitaji mililita 25 hadi 30 kwa kilo kwa siku. Bibi wa kilo 60 ni lita moja na nusu hadi 1.8, basi. Akishaanza kunywa uji na chai, ile dripu inatakiwa ipungue, lakini ni mara ngapi umeona mtu anakula wali kuku huku chupa inadondoka?

Cha kuchekesha ni kwamba hesabu ya chupa ipo. Iko kwa keshia. Siku ya kuruhusiwa unapewa bili imeandikwa dripu 11, branula 3, glavu jozi kadhaa, kila kitu kimejumlishwa hadi senti. Sasa rudi wodini uliza mgonjwa huyu siku ya pili ameingiza lita ngapi na ametoa lita ngapi. Utaoneshwa karatasi yenye safu mbili, ya kushoto imejazwa nusu, ya kulia imeandikwa "amekojoa".

Na ukiwa na faili mkononi fungua ile chati ya joto, mapigo, presha na pumzi. Nimeshaangalia za kutosha nikiwa nauguza ndugu. Saa 12 jioni pumzi 20. Saa 4 usiku 20. Saa 8 usiku 20. Saa 12 asubuhi 20, peni ile ile mwandiko ule ule, na kitanda cha jirani nako 20, wodi nzima inapumua kama kwaya. Kuhesabu pumzi kunataka usimame dakika nzima unaangalia kifua cha mtu, na nesi mmoja mwenye vitanda 40 hana hiyo dakika, simlaumu hata kidogo. Lakini pumzi ndo kitu cha kwanza kubadilika. Presha inaweza kubaki nzuri tu, joto hakuna, huku mtu ametoka pumzi 16 amefika 28. Wanaofuatilia mambo haya wanakwambia pumzi ndo kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote na hakihitaji hata betri.

Dalili nyingine ambayo tunaiua kwa upendo: mgonjwa anataka kukaa. Saa nane usiku anajiinua, anashusha miguu, anasema nikilala nabanwa. Shangazi anamrudisha, lala baba upumzike, kidonda kitaachia. Anajiinua tena. Anakohoa kikohozi kidogo kikavu, kidonda kinauma anashika tumbo, watu wanadhani ni maumivu. Baadae kikohozi kinakuwa cha maji, makohozi yana povu, mwishoni povu lina rangi ya waridi. Ukifika kwenye povu umechelewa sana ila bado usikate tamaa. Mtu anayekataa kulala chali baada ya operesheni muache akae, weka mito mgongoni, nenda kamuamshe nesi, na kama nesi kasinzia muamshe tu hata akinuna.

Wa kuangaliwa zaidi ni akina mama waliojifungua kwa kisu, hasa wenye presha ya mimba. Presha ile inafanya vimishipa vivuje, na mtoto akishatoka mfuko wa uzazi unajikamua na kurudisha damu kwenye mzunguko wa mama, kwa hiyo unakuta mtu ambaye mishipa yake inavuja anapokea maji ya ndani na ya nje kwa wakati mmoja. Ndo maana Uingereza mwongozo wao unawabana madaktari wasizidishe mililita 80 kwa saa kwa mama mwenye presha kali ya mimba, labda awe anapoteza damu. Chupa ya nusu lita hapo inakaa zaidi ya saa sita. Nimeona chupa ya nusu lita ikiisha wakati taarifa ya habari bado haijaisha. Ule utafiti wa hospitali za Afrika uliochapishwa 2019 ulikuta kina mama wetu wanakufa baada ya upasuaji wa uzazi mara 50 zaidi ya nchi tajiri, na kwa sehemu kubwa ni kutokwa damu na mambo ya nusu kaputi, maji sio mhusika mkuu pale, ila wodi ni ile ile na nesi ni yule yule.

Kuna aina nyingine ya mapafu kujaa maji naipitia haraka tu kwa sababu hii dripu haihusiki. Kijana wa mazoezi, misuli imejaa, anaamka kutoka usingizini, mpira wa kupumulia umeshatolewa au anaung'ata, koo linajifunga ghafla, yeye anavuta hewa kwa nguvu zake zote dhidi ya mlango uliofungwa na ule mvuto unanyonya maji kutoka kwenye damu kuingia mapafuni. Inatokea ndani ya dakika, inatisha, ila mtaalamu wa usingizi akiwa yupo pale na oksijeni ipo, wengi wanarudi sawa ndani ya siku moja au mbili.

Sasa kabla hamjaanza kung'oa dripu za watu, subirini. Denmark mwaka 2003 walichapisha utafiti wa wagonjwa 172 waliopasuliwa utumbo mpana, nusu wakabaniwa maji nusu wakapewa kama kawaida. Waliobaniwa matatizo yalikuwa asilimia 33, wenzao 51. Dunia ikashangilia, bana maji. Halafu 2018 ukaja utafiti mkubwa wa wagonjwa kama 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, waliobaniwa sana wakaumia figo zaidi, asilimia 8.6 dhidi ya 5. Kwa hiyo kubana kwa kukariri nako ni kosa. Anayevuja damu anahitaji maji, anayeharisha kipindupindu bila maji anakufa saa hizi hizi.

Na sisi Afrika Mashariki tulitakiwa kuwa wa kwanza kulielewa hili maana somo kubwa kuliko yote limetoka hapa hapa. Utafiti wa FEAST, Kilifi, Muheza, Mbale, Soroti na kwingine Uganda, watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, sio wa upasuaji lakini swali ni lile lile. Kila kitabu kilisema mpe maji kwa haraka. Wakalinganisha, na Januari 2011 ikabidi wausimamishe kabla ya muda kwa sababu waliopewa maji ya haraka walikuwa wanakufa zaidi, karibu asilimia 10.6 ndani ya saa 48, ambao hawakupewa 7.3. Na hata haikuwa mapafu kujaa, wengi ilikuwa moyo na mzunguko kuzimika. Dunia nzima ilibishana kwa miaka kuhusu matokeo yaliyotoka Muheza, alafu huku mtaani dripu bado ni dawa ya uchovu.

Tatizo basi liko baada ya mlango wa chumba cha upasuaji. Utafiti wa ASOS, uliochapishwa 2018, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 kwenye hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi, wenye hali nzuri zaidi, na hata matatizo baada ya operesheni hayakuwa mengi kuliko ya wenzetu, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Asilimia 94 ya vifo vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani kisu hakikuua. Mtu akipata tatizo Ulaya linaonekana mapema anaokolewa, mtu akipata tatizo lile lile kwetu linaonekana asubuhi kwenye raundi.

Hapo kila mtu akasema jibu ni rahisi, tuongeze uangalizi. Wakajaribu, ASOS-2, hospitali 332, nchi 28, matokeo yakatoka 2021. Walio kwenye hatari kubwa walitakiwa waangaliwe mara nyingi zaidi, wawekwe kitanda kinachoonekana kutoka meza ya nesi, ndugu waruhusiwe kukaa karibu. Vifo havikupungua. Kuna watu wameuchukua utafiti huu kama ruhusa ya kukata tamaa, mimi nausoma tofauti. Kuna sehemu nyingi hata huo uangalizi wenyewe ilikuwa shida kuutekeleza kwa nesi wale wale wachache, na kumuona mtu anazama kama hakuna wa kumrukia ni kushuhudia tu. Nesi kaona pumzi 30, kapiga simu, haipokelewi. Imepokelewa, daktari yuko na mama mwingine kwenye meza. Oksijeni mtungi umeisha na funguo za stoo anazo mtu wa mchana. Dawa ya kukojoza, ambayo ni ya bei ndogo kabisa na ipo kwenye orodha ya dawa muhimu, ndugu wanaandikiwa wakanunue nje saa tisa usiku.

Kwa hiyo mimi ningeanzia na vitu vya kijinga kabisa. Daktari wa zamu awe mtu mwenye jina lililobandikwa ukutani na simu yenye chaji. Nesi wa pili usiku kwenye wodi ya upasuaji hata kama mchana watapungua. Kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kwa kila chumba, maana mwaka 2010 ilikadiriwa vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havina hata kimoja, sembuse wodi. Funguo za stoo zikae wodini. Na kila aliyesema "ongeza chupa" kwa simu aandike pia saa ngapi chupa hiyo itasimamishwa, kisha aje aweke sahihi yake asubuhi.

Ndugu nao wapewe kazi, wapo pale usiku kucha na wanachofanya ni kupepea tu. Mama mmoja na daftari la shule la shilingi mia tano anaweza kuandika chupa imeanza saa ngapi, mfuko wa mkojo umemwagwa ukiwa na kiasi gani, pumzi kwa dakika moja kila baada ya saa mbili. Kuna hospitali watakufukuza na daftari lako wakidhani unakusanya ushahidi. Wakikufukuza andikia nje kwenye korido.